Ekari tano na milioni 18: kijiji kianze na nini kabla ya ukumbi?

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Mkutano mkuu wa kijiji umekubali kutenga ekari tano karibu na shule ya msingi kwa ajili ya kituo cha michezo na mapumziko. Wazaliwa wa hapa wanaoishi Dar es Salaam na Dodoma mjini wamechanga shilingi milioni 18. Vijana wanataka uwanja na televisheni ya kuangalia mpira. Wazee wanataka ukumbi wa mikutano na harusi. Kina mama mkutanoni hawakusema kitu. Wachangiaji wa mjini nao wanasisitiza ukumbi, na wametutumia picha za Chinangali, ile bustani ya mapumziko ya Dodoma mjini, wakitaka kitu cha namna hiyo. Tuanze na nini ili fedha za watu zisipotee?

Jibu:

Ndugu Katibu, msianze na ukumbi. Anzeni na uwanja, banda la wazi lenye paa kubwa, tangi la maji, miti na vyoo, na kabla ya yote hayo mjue nani atalitunza eneo. Ukumbi wenye kuta nne uje baadaye, kama bado mtaona unahitajika. Najua jibu hili litawaudhi wachangiaji wenu, kwa hiyo nalieleza kwa urefu ili upate cha kuwasomea.

Fedha kwanza. Mwaka 2021, serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, ilitenga shilingi milioni 20 kwa kila darasa. Hilo ni darasa moja tu, tena kwa bei za saruji na nondo za wakati ule. Ukumbi wa kukalisha watu mia tatu siku ya harusi ni mkubwa kuliko madarasa kadhaa, na kenchi zake, yaani fremu zinazobeba paa, ni ndefu na ghali zaidi kwa sababu katikati hakuna ukuta wa kuzibeba. Milioni 18 zenu zitaishia kwenye msingi na kuta, pengine zifike kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Halafu Desemba itafika, mvua ipige kuta zisizo na paa, na mwaka unaofuata mtaanza kuchangisha upya watu waliokwisha kukata tamaa. Maboma ya aina hiyo unayajua, huhitaji kuyatafuta mbali.

Tuseme basi fedha zimetosha na ukumbi umekamilika. Upande wa Bahi niliwahi kufika kwenye ukumbi mmoja wa kijiji, jengo zuri, lina rangi na madirisha ya vioo. Mlango ulikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa shambani. Kupitia dirishani niliona viti vya plastiki vimepangwa juu kwa juu, na chini ya mlango wa mashariki vumbi laini limejaa hadi kufunika kizingiti. Lakini barazani, kwenye kile kipande cha sakafu kilichotoka nje ya ukuta kwa hatua mbili, kulikuwa na watu. Kina mama watatu walikuwa wanachambua karanga, vijana wanacheza drafti kwa visoda, na mzee amelala juu ya mkeka. Fedha yote ilikuwa imeingia ndani, na kijiji kilikuwa kinaishi nje, kivulini. Tangu hapo, kila ninapoombwa ushauri nauliza kwanza kivuli kitatoka wapi.

Kwa hiyo kituo chenu kipimeni kwa Jumanne ya kawaida ya mwezi wa nane, saa kumi na moja jioni, upepo unavuma na vumbi limetanda. Siku hiyo nani atakuwa pale? Mtoto aliyerudi kuchunga atakuta nini cha kucheza? Binti wa miaka kumi na tano atakuwa na sababu ya kufika, na nyumbani watamruhusu? Bibi atakaa wapi? Mipango mingi ya vituo hupangwa kwa ajili ya siku ya mgeni rasmi, na siku hiyo ni moja tu.

Sasa banda lenyewe. Jengeni paa la mita 12 kwa mita 8 juu ya nguzo imara, na chini yake jamvi la zege lililoinuliwa kidogo kutoka ardhini. Ule urefu wa mita 12 uelekee mashariki na magharibi, na upande wa mashariki muweke ukuta kamili. Kwetu upepo wa kiangazi hutoka mashariki na kusini-mashariki, na kuanzia Julai hadi Oktoba hauna mchezo. Upande wa magharibi nako muweke ukuta, na hapo ndipo pakae stoo ndogo na chumba cha mtunzaji. Ukuta huo utazuia jua la jioni, ambalo ndilo huwafukuza watu kwenye mabanda mengi. Kaskazini na kusini paachwe wazi, pawe na vijiukuta vya kukalia tu, kimo cha goti. Hapo mtapata mahali pa mikutano, pa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), pa harusi za kawaida, pa bao, pa chanjo za watoto, na pa kujifunzia kwa wanafunzi wa jioni.

Mwambieni fundi neno moja asilisahau. Banda la wazi hupigwa na upepo kutoka chini, upepo huingia na kulisukuma paa juu. Kenchi zifungwe na nondo zilizotoka ndani ya nguzo, zisiwe zimekaa juu ya mbao kwa misumari miwili, na misumari ya bati iwe ya karibu karibu hasa kwenye kingo. Mwombeni mhandisi wa halmashauri ya wilaya aje aone kabla bati halijapanda. Mkijenga kwa fosi akaunti, yaani mnanunua vifaa na kumlipa fundi wenyewe bila mkandarasi, kama miradi mingi ya vijiji inavyofanyika sasa, jicho la mhandisi ndilo kinga yenu kubwa.

Kabla ya kuchagua mahali pa banda, chimbeni mashimo matatu ya kina cha mita moja sehemu mbalimbali za ekari hizo tano. Mkikuta udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kuvimba masika, hamisheni jengo. Udongo huo utawapasulia msingi hata mkiweka saruji ya kutosha. Uwanja unaweza kukaa juu yake kwa shida, jengo haliwezi. Kuhusu matofali, nawasihi mtumie ya udongo na saruji yanayofungamana, yasiyochomwa. Tanuru moja la matofali ya kuchoma linakula miti ambayo sisi watu wa Dodoma hatuna. Wenzetu wa Kondoa walifikishwa mahali ambapo mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) kwa ajili ya ardhi iliyoliwa na makorongo, na kukatwa kwa miti kulikuwa moja ya sababu.

Maji ndiyo yatakayoamua kama kituo kitakuwa cha kijani au kitakuwa jangwa lenye magoli mawili, na paa hilohilo litawasaidia. Mvua za Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita za mraba 96, hata ukitoa yanayopotea, linakusanya zaidi ya lita 40,000 kwa msimu. Hamhitaji kuhifadhi zote. Wekeni gata nzuri na matangi mawili ya lita 10,000. Ikiisha mvua matangi yamejaa, mna lita 20,000 za kuvuka miezi saba ya kiangazi. Miche ishirini, kila mmoja ukipewa lita 10 mara mbili kwa wiki, itatumia kama lita 12,000 hadi Novemba ifike. Zinazobaki, lita 8,000, ni za kunawia mikono. Maji ya kunywa yatoke kwenye bomba la kijiji, na hilo mzungumze mapema na chombo chenu cha watumia maji chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, wawape kituo koki moja na mita yake. Msichimbe kisima kipya kwa fedha hii. Visima vingi vya ukanda wetu hutoa maji ya chumvi, na pampu inahitaji fedha kila mwaka.

Miti ipandwe mvua za kwanza zinapokolea, isipandwe siku ya sherehe. Mwarobaini hukua haraka na huvumilia kiu, ingawa bado mtauzungushia miba miaka miwili ya mwanzo. Changanyeni na mkwaju kwa ajili ya wajukuu. Safu mbili ziende upande wa mashariki na kusini-mashariki kama kinga ya upepo, nyingine zizunguke banda na sehemu ya watoto. Na kama ndani ya ekari hizo tano tayari upo mgunga au mbuyu, huo ndio mali yenu ya kwanza. Pangeni kila kitu kuufuata huo mti, na greda lisiusogelee.

Uwanja wa mpira. Kiwanja cha mita 105 kwa 68, pamoja na nafasi ya mita tatu kila upande, kinachukua ekari mbili. Kielekezeni kaskazini na kusini ili golikipa asipigwe jua la jioni machoni. Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, na cha wavu ni mita 18 kwa 9. Vyote viwili, na nafasi zake za pembeni, vinakula robo ekari na kidogo. Kwa hiyo hata baada ya michezo yote mitatu mnabaki na zaidi ya ekari mbili na nusu. Ardhi mnayo, msibanane. Mkisawazisha uwanja, katikati pawe juu kidogo ili maji yateremke pembeni, na upande wa juu wa mteremko mchimbe mfereji wa kukinga maji kabla ya Desemba. Nimeona uwanja uliosawazishwa Oktoba ukawa na korongo Februari, kwa sababu maji ya mlima mzima yalipewa njia laini ya kupita.

Sasa kina mama wasiosema kitu. Ndugu Katibu, hili ndilo ningeanza nalo kama ningekuwa kwenye kamati yenu. Mkutano mkuu, wanaume wamekaa mbele na wazee wanazungumza, si mahali ambapo mwanamke aliyeolewa juzi atasimama aseme anataka kucheza netiboli. Wafuateni bombani, mashineni, kwenye VICOBA, tena atumwe mwanamke. Na msiulize wanataka nini. Ulizeni saa ngapi wanapata nafasi, na nini kinawazuia kutoka. Majibu yatawapangia kituo. Wakisema nafasi yao ni alasiri baada ya maji na kabla ya kupika, basi saa hiyo kiwanja cha netiboli ni chao, imeandikwa ubaoni, na vijana wa mpira hawakigusi. Wakisema wanaogopa giza, kiwanja chao kiwe upande wa barabara, mahali panapoonekana, na taa ya kwanza ifungwe njia ya vyoo. Vyoo vya wanawake viwe mbali na vya wanaume, viwe na mlango unaofungwa kwa ndani, na maji. Sehemu ya kuchezea watoto iwe karibu kabisa na kiwanja cha netiboli, maana mama asiyeweza kumwona mtoto wake hachezi.

Nguzo za netiboli ni bomba la chuma lenye kimo cha mita 3.05 na pete ya nondo. Fundi wa kuchomelea anazitengeneza kwa siku moja. Katika mradi wote huu ni kitu cha bei ndogo kuliko vingi, na ndicho kitakachowaingiza nusu ya wanakijiji.

Msisahau pia ngoma. Ninyi mko Chamwino, ambako watu husafiri kuja kwenye Tamasha la Muziki wa Cigogo, yaani muziki wa Wagogo, na muheme ni ngoma ya kina mama. Mbele ya banda acheni duara la udongo uliokanyagwa, lisiwe na zege wala nyasi, kwa ajili ya muheme, zeze na marimba. Miguu ya mchezaji inaujua udongo.

Kwa wenye ulemavu, njia ya kupandia kwenye jamvi isiwe na ngazi. Kila sentimita 10 za kupanda zipewe mita 1.2 za mteremko. Choo kimoja kiwe na mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Kufanya hivyo mwanzoni ni rahisi, kubomoa baadaye ndiko ghali.

Kuhusu ardhi, hakikisheni karatasi kabla ya saruji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, lakini haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu. Idhini mmepata, vizuri. Sasa uko wapi muhtasari wenye mahudhurio, saini, na mipaka ya eneo iliyoelezwa kwa alama zinazoonekana? Eneo limeingizwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kama ardhi ya matumizi ya umma? Nakala iko kwa mtendaji wa kata na kwa halmashauri ya wilaya? Na kwa kuwa mko karibu na shule, pimeni kwa pamoja na mwalimu mkuu. Ekari tano za kijiji zinaweza kugeuka kuwa ekari tano za shule mwalimu mkuu mpya akifika, au kinyume chake. Andikianeni makubaliano mafupi: asubuhi uwanja ni wa wanafunzi, jioni na mwisho wa wiki ni wa kijiji, na muziki haupigwi saa za masomo. Jambo la mwisho hapa, ambalo kamati nyingi hulipita: ulizeni wafugaji. Kama ng'ombe wamezoea kupita hapo kwenda lamboni, wataendelea kupita, uzio au hakuna uzio. Wapeni njia yao pembeni, ichorwe kwenye ramani, kabla hamjapanda mche hata mmoja.

Uendeshaji ndio utakaowasimamisha au kuwaangusha. Fedha ya mtunzaji itafutwe kabla ya fedha ya rangi. Televisheni ya vijana ikubalini, kwa sababu watu wanalipa kuingia kibanda umiza kila wiki na fedha hiyo inaweza kulipa mtunzaji badala ya kwenda kwa mtu mmoja. Ongezeni kodi ya banda kwa harusi, kuchaji simu, na meza za mama lishe siku za mechi na siku ya mnada. Lakini uwanja wenyewe na bembea za watoto visiwe na kiingilio hata siku moja. Na pombe isiuzwe ndani ya eneo. Wanzuki ukishaingia, ndani ya miezi michache kituo kitakuwa kilabu, na wale mabinti mliowahangaikia hawatakanyaga tena.

Kamati ya uendeshaji isiwe kivuli cha serikali ya kijiji. Viongozi wa vijiji huchaguliwa kila baada ya miaka mitano, na mara ya mwisho ilikuwa Novemba 2024. Kituo kinachomtegemea mwenyekiti mmoja huondoka naye. Wekeni kanuni, zipitishwe na mkutano mkuu kama sheria ndogo na zipelekwe halmashauri ya wilaya zithibitishwe. Nusu ya wajumbe wawe wanawake, na angalau wawili wawe vijana wasiofika miaka 25. Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa banda kila mwezi na kusomwa kwenye mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu.

Kwa wachangiaji wenu wa mjini, semeni nao kwa heshima, maana wamechanga kwa mapenzi. Chinangali imejengwa kwa fedha za mradi mkubwa wa miji, ina jiji zima la kuihudumia na wakazi wengi wa kulipia. Kijiji hakina vitu hivyo, lakini kina nguvu kazi. Waonyesheni hesabu: mchanga, mawe, kokoto na uchimbaji wa misingi vitatoka kwa wananchi kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, baada ya mavuno, kati ya Juni na Septemba, wakati watu wana nafasi na uwele umeshaingia ghalani. Milioni 18 zao ziende kwenye bati, nondo, saruji, matangi na fundi. Hapo fedha yao inamaliza kitu kinachotumika mwaka huohuo. Mkiwapigia picha ya mechi ya netiboli pembeni ya banda lenye watu, hawatakuwa na ugumu kuchangia tena.

Mwezi huu fanyeni mambo matatu: mazungumzo na kina mama, mashimo ya kupima udongo, na kuchora njia ya ng'ombe na njia ya maji ya mvua. Mkishamaliza, nitumie mchoro wa eneo hata kama ni wa mkono, uonyeshe kaskazini, mteremko, miti iliyopo, shule na barabara. Nitaweka alama mahali ambapo banda, vyoo na viwanja vikae, nikurudishie uukabidhi kwa mhandisi wa wilaya.